Safu ya Umbali

Kwenye rejista ya zahanati yetu, huku juu mlimani Elgon,
kuna safu iliyoandikwa: Umbali, kwa kilomita.
Mwaka wa sita huu naijaza,
na kila nikiijaza nadanganya.

Kogo Chemayiek hajui kilomita.
Shamba hulipima kwa debe,
mvua kwa kiatu kinachobaki matopeni,
mwaka kwa vitunguu.
Nilipomwambia mashine ya mionzi iko Eldoret
alifunga leso vizuri kifuani, akauliza:
"Eldoret ni kondoo wangapi?"

Tukakaa jikoni, tukahesabu.
Pikipiki hadi Kapsokwony, mguu mmoja wa kondoo.
Gari hadi Kimilili, hadi Webuye, hadi huko, mguu wa pili.
Kulala, kula, kuambiwa rudi kesho faili halionekani:
kondoo mzima na ngozi yake.
Na mionzi si dua, useme mara moja upumzike.
Siku ishirini na tano.
Akatazama zizi.
Walikuwa wanne, mmoja kiwete.

Basi nikawa hospitali ya mtu mmoja.
Jumanne na Ijumaa nakwea na mkoba.
Nasaga flajili kwa kijiko kwenye sahani ya bati,
unga wake naunyunyiza juu ya kidonda cha titi,
polepole, kama anayetia chumvi mboga ya mwenyewe.
Chini ya kitanda, beseni la makaa yasiyowashwa
yanywe harufu.
Wiki ya tatu wajukuu walirudi kulala chumbani.
Wifi yake, aliyekuwa akisalimia tangu langoni miezi minne,
aliingia, akaketi, akaomba chai.
"Makaa haya hayapiki," Kogo akasema,
"lakini yameniletea wageni."

Hilo nalo sikulipatia safu.

Mofini huja Kimilili ikija.
Februari haikuja.
Stoo ni kuku wa ajabu: hutetea, hatagi.
Wiki ijayo, dada. Wiki ijayo.
Usiku mmoja, saa nane, Naibei kitinda mimba wake alinipigia.
Hakusema neno.
Aliweka simu mtoni, karibu na kichwa cha mamake,
nikasikia.
Chuoni walinifundisha kufunga jeraha, kutafuta mshipa,
kuandika ripoti kwa wino mweusi.
Hawakunifundisha kusikiliza vile
mkono ukiwa mtupu.

Machi tuliitwa semina Bungoma. Kalamu, soda, ramani ukutani.
Nukta nyekundu palipo na wagonjwa wa saratani.
Kwetu peupe.
Bwana mwenye kijiti akasema, peupe ni dalili njema.
Nilinyoosha mkono, ukakaa juu hadi ukafa ganzi,
kisha chakula kikaletwa.

Niliporudi nilichukua rejista
nikaandika kwenye safu ya umbali: kondoo kumi na mmoja. Hawapo.
Mkaguzi akazungushia kalamu nyekundu.
Sahihisha.
Sijasahihisha.

Aprili chupa imekuja, maji ya kijani, machungu kama shubiri.
Mvua ilikuwa imekula daraja,
nikajua Ijumaa hiyo sitafika.
Lakini saa tatu pikipiki ilingurumia mlangoni pa zahanati,
kijana akasema ametumwa anichukue,
njia ya juu, ya kuzunguka msitu.
Nikauliza nauli. Akasema imeshalipwa.

Kogo alimeza, akakunja uso, akalitukana lile jimaji kwa Kisabaot
hadi Naibei akacheka.
Baada ya dakika arobaini mabega yake yalishuka.
Akauliza kama vitunguu vimeanikwa.
Akalala kabla ya kujibiwa.

Nilitoka kunawa mikono.
Zizini kondoo walikuwa watatu,
yule kiwete akinitazama.